Stout Ilikataa Kuwaka Nyuma

Kama kuko mutu mwenye kichwa nguvu kupita bwana yangu Apollinaire, mumulete hapa, nitamulipia kasiksi, pombe yetu ya ndizi. Nitawaambia juu ya nini.

Ule mwaka, mu mwezi wa kumi na mbili, Apollinaire alikuwa amelala mu hôpital kule Beni. Pikipiki ilimuangusha, muguu ukavunjika pa juu, bakamufunga plâtre mupaka ku kiuno. Miye nilikuwa Butembo na batoto, na gari yetu, camionnette Stout ya zamani, ilikuwa imesimama mu parcelle tangu aiache pale. Na vita ilikuwa inakuya. Asubui moja bantu ba Mabalako balikuwa banaingia muji na magodoro ku kichwa, banasema masasi inalia kule kwao, Beni itafikiwa wakati wowote, na mu hôpital bagonjwa benye kutembea balishaondoka. Benye kutembea! Wangu hata kukaa hakuweza. Alihitaji camionnette, godoro nyuma, na mutu wa kuendesha. Nikachukua godoro ya kitanda yetu, nikamuita Kasika, dada ya Apollinaire, tukaenda.

Shida ikatungojea ku barrière. Ile siku gari ilikuwa hapana kwenda Beni bila convoi, magari yote pamoja na basoda benye bunduki, na convoi ilikuwa moja tu. Mukubwa wa convoi, sergent Ignace, soda wa kutoka Bandundu, alikuwa anapita nyuma ya kila gari na kuamuru dreva akanyage frein, breki ya muguu. Sababu siku chache mbele ya pale, ku mutelemuko moja, camion ilifuata gari yenye stop yake, ile taa nyekundu ya nyuma ya frein, haiwake, ikaipanda ku mugongo, bantu bakakufa. Donc, bila taa za stop, hapana kupita. Nikakanyaga. Akatikisa kichwa. Nikamuelezea habari ya plâtre, nikamuomba sana. Hakunitukana. Alijibu tu kwamba magari ingine ilikuwa ingali inapakia, na stop yangu ikiwaka mbele ya yeye kufungua barrière, nitaenda. Isipowaka, nitarudi kwangu. Sikumuchukia ule mutu. Nilichukia ile Stout na chuma yake yote.

Badreva bakakuya kuangalia. Mumoja, Zorobabel, dreva wa camion ya mbao, akasema kwa ukubwa wote kwamba ni ampuli ya taa imeungua, hata mutoto anajua ni ampuli. Akatoa yake, tukaweka. Kasika akakaa ku volant. Nikamuambia kanyaga, akakanyaga, achilia, akaachilia. Giza. Tukabadilisha ya upande ule mwingine. Giza vilevile. Zorobabel akarudisha ampuli zake mu mufuko, akasema basi gari imezeeka, turudi nyumbani.

Turudi kufanya nini? Nikalala chini ya tableau de bord, pale pa pédale, miguu inje, kitenge mu matope. Bakaanza kucheka. Mumoja akauliza mwanamuke anatafuta nini mule ndani.

«Natafuta bwana yangu,» nikamujibu.

Miye si mécanicien. Lakini tangu nioleke nilikuwa namushikilia Apollinaire torche akitengeneza ile gari, na macho yangu haikuwa imefungwa. Nikapiga klaxon: ikalia. Mu Stout yetu klaxon na stop binakula ku fusible moja, fyuzi moja, basi fusible ilikuwa muzima. Taa ndogo za nyuma zilikuwa zinawaka, donc waya za kule nyuma na chuma yenye inazishika hazina kosa. Kukabakia kile kidude chenye pédale ya frein inasukuma ili moto wa umeme upite. Nikachomoa waya zake mbili, nikaziunganisha na vidole. Ile kazi nilijifunza ku jikoni. Nyumbani tulikuwa na groupe ndogo ya kutoa umeme, na siku moja interrupteur ya jikoni, ile ya kuwasha na kuzima taa, ilipotea ku ukuta, nyeupe, na alama nyeusi pembeni pale Séphora, mutoto wetu, aliichoma na chuma ya pasi. Nilimuuliza Apollinaire, akaapa hajui. Nikamushuku Kasika, Kasika akanuna. Tangu pale, kila tukiwasha groupe, naunganisha waya na mukono, inanichoma, natukana mwizi.

Nikauliza Kasika, mwenye nilikuwa nimetuma nyuma ya gari, kama kumewaka. Hapana. Basi kidude cha pédale nacho hakina kosa. Nikachukua ampuli moja yenye waya mbili, waya moja nikaigusisha chuma ya gari, ingine ku ile waya yenye inaletea pédale moto. Haikuwaka. Moto ulikuwa unatoka ku fusible, lakini ku pédale haufike. Unakufia njiani! Nikasokota tena zile waya mbili za pédale pamoja. Nikafuata ile waya na vidole, polepole, juu haraka ingenipotezea siku. Huku nyuma magari yalishaanza kuunguruma. Waya ikanipeleka mu scotch nyeusi, ile ya kufunga waya, scotch ikanitoa mu waya ingine ya rangi ingine, na hii ikapita chini ya tapis, mupaka nyuma ya kiti ya dreva. Nikaingiza mukono. Nikagusa kitu laini. Nikaisukuma: pak.

«Inawaka!» Kasika akapiga kelele. Alikuya mbio, akainama, akaona chenye nilikuwa nimeshika. Interrupteur nyeupe, na alama nyeusi pembeni.

«Mama Séphora,» akasema, «hii si ya jikoni?»

Ilikuwa ya jikoni. Na nikaelewa yote mara moja. Badreva ba ile njia balikuwa na desturi: jua likianguka, banakata stop, ili bale ba porini benye bunduki, ku makona, basione mwekundu na kujua gari inapunguza mwendo. Apollinaire alikuwa ameniapia kwamba jua ikimuangukia Beni, atalala Beni. Kila Jumamosi, siku ya posho, alikuwa anafika usiku, anasema barrière zilikuwa mingi. Njia ya mwongo ni fupi, banasema. Ya kwake ilikuwa na urefu wote wa kutoka Beni mupaka Butembo. Mujinga wangu alikuwa anapita mu giza ya basoda na ya bezi benye kuiba njiani, bila taa, ili asubui ya Yenga, siku ya kusali, akule na batoto wake. Nilikasirika mupaka machozi ikanitoka, na nilimupenda, na nilikuwa tayari kumuvunja muguu ule mwingine.

Nikarudisha waya mbili ku kidude cha pédale. Sergent Ignace akapita, nikakanyaga, akaona mwekundu. Akaonyesha barabara na mukono.

Kule Beni bantu balikuwa banakimbia kila upande. Bainfirmiers bakamulaza Apollinaire ku godoro yetu, Kasika akashika muguu. Tukachelewa. Wakati convoi ilianza kurudi, tulikuwa ba mwisho kabisa, nyuma yetu hakuna gari, ni pori tu. Jua ikaanza kuanguka. Kioo ya nyuma ya cabine ilivunjikaka zamani, basi nilisikia sauti yake vizuri, na ilikuwa sauti ya mutu mwenye haya.

«Mama Séphora, kuko kitu sikukuambiaka. Ingiza mukono nyuma ya kiti yako...»

«Nimeishazima,» nikamuambia. «Lala.»

Tukapanda mulima. Kisha nikamusikia analia. Mukono moja nikaiacha ku volant, ingine nikaipitisha pa kioo. Akaishika, akagusa vidole vyangu kimoja kimoja, pale waya ya jikoni ilinichoma, na hakuniachilia mupaka Butembo.