Sweta Lililodondosha Theluji

Jumatatu ya pili ya Februari 2017, saa mbili kasorobo asubuhi, Mwalimu Mkuu Aloysius alikuwa akikagua sare kwa rula ya mbao katika shule moja ya sekondari nje kidogo ya mji wa mpakani wa Bwera. Alipima sketi, akapima soksi, akapima na nywele. Alipofika kwa Mbambu wa kidato cha nne, rula ilisita hewani. Kifuani mwa sweta la kijani la msichana huyo palikuwa na picha iliyoshonwa kwa uzi, ndogo kama kiberiti: mlima wenye vilele vitatu vyeupe. Kutoka kilele cha katikati theluji ilikuwa ikidondoka taratibu na kutua juu ya viatu vyake.

Mwalimu Mkuu aliandika makosa mawili: kuvaa alama isiyoruhusiwa, na kulowesha uwanja wa paredi.

"Hii ni nini?" aliuliza.

"Ni mlima, mwalimu."

"Mlima gani?"

Mbambu alionyesha kwa kidole nyuma yake. Mwalimu Mkuu hakugeuka. Tangu mapigano ya Novemba kati ya askari wa serikali na walinzi wa ufalme wa Wakonzo, wenyeji wa mlima huo, alikuwa amejizoeza kuupa mlima mgongo, kama inavyompasa mtu mwenye busara na cheo. Wafuasi wa ufalme walikuwa wakivaa picha kama ile, na wengi waliokutwa nayo mwezi huo walipakiwa kwenye malori. Mmoja wao alikuwa Blasio, baba yake Mbambu, seremala wa vitanda ambaye hakuwahi kupigana na kitu kigumu kuliko ubao wa mvule. Walimtoa karakanani penseli ikiwa bado sikioni. Tangu siku hiyo hakuna aliyesema yuko wapi.

Mbambu alipelekwa ofisini. Mwalimu Ronah, naibu wa Mwalimu Mkuu, aliukata uzi kwa wembe, mmoja mmoja, kwa uangalifu wa mtu anayechambua mchele. Picha iliisha. Sweta lilibaki kijani tupu, na theluji iliendelea kudondoka pale pale, sasa kwa wingi kidogo. Mwalimu wa kemia aliitwa. Aliipima, akaripoti kwamba ni maji safi yasiyo na asidi wala msimamo wowote.

Wanafunzi waliiita nzururu, kama Wakonzo wanavyoiita theluji tangu zamani. Kwa kuwa jina la ufalme limetokana na neno hilo, kabla ya chakula cha mchana tangazo lilikuwa limebandikwa ubaoni: kuanzia leo kitu hicho kitaitwa unyevu. Siku iliyofuata madirisha yote yanayotazama mlima yalipakwa rangi ya maziwa, ili watahiniwa wasome bila kushawishiwa.

Afande Nuwa wa kituo cha polisi alikuja kwa pikipiki kumhoji mtuhumiwa. Sweta lilikuwa limetundikwa kwenye msumari ukutani, na chini yake Mwalimu Ronah alikuwa ameweka beseni. Afande alisogeza kiti mbali na beseni, akafungua daftari.

"Wewe mutoto, nani alikutuma?"

"Hakuna, afande."

"Hii picha iko na maana gani?"

"Baba alikuwa nayo kwenye shati. Walimchukua nayo. Nikafikiri mkubwa mmoja akiiona kwangu ataniuliza, na mimi nitamuuliza baba yuko wapi."

Afande Nuwa aliandika, akisoma kwa sauti kila neno: "Mtuhumiwa anakiri kwamba alitaka kuuliza."

Kosa hilo halikuwamo kwenye kanuni za shule, lakini palikuwa na nafasi chini ya ukurasa, likaongezwa.

Shule haikuwa katili. Ilimpa Mbambu mpaka Ijumaa. Akitia saini barua ya majuto, angerudi darasani na jina lake lingepelekwa kwenye orodha ya mtihani wa taifa. Asipotia, hakuna darasa wala mtihani. Ijumaa alikuja na mama yake, Bulandina, anayeuza chumvi ya Katwe katika soko la Mpondwe. Mama alikuwa amevaa gomesi, gauni lake refu la kanisani. Barua ilikuwa mezani, imefunikwa kwa nailoni kwa sababu ya unyevu.

"Weka saini, mutoto wangu," Bulandina alisema. "Baba yako alitaka usome. Hii ni karatasi tu. Karatasi haina macho."

Mbambu aliisoma barua polepole. Sentensi ya kwanza ilisema picha ile haikuwa na maana yoyote. Aliitikia kwa kichwa. Ya pili ilisema hajawahi kuona mlima wowote wa kisiasa. Hapo pia hakubisha. Ya mwisho ilisema: Sina swali lolote kuhusu mtu yeyote.

Kalamu ilibaki hewani.

"Mwalimu, nikiweka saini hapa, swali langu nimpelekee nani?"

"Swali gani?" alisema Mwalimu Mkuu. "Hapo umeandika huna."

"Naweza kukata huu mstari mmoja tu?"

"Barua imeshapigwa muhuri."

Mbambu aliiweka kalamu mezani. Machozi yalimtoka, ila hakuyafuta. Mwalimu Mkuu alimtazama Bulandina, akingoja mzazi afanye kazi ya mzazi. Bulandina aliichukua kalamu, akaifunika kifuniko chake, akamrudishia Mwalimu Mkuu kwa mikono miwili, kwa heshima zote.

"Asante, mwalimu," alisema. "Twende, Mbambu. Soko inangoja."

Sweta halikurudishwa, kwa kuwa ni ushahidi. Lakini ushahidi ule ulikuwa na baridi nzuri. Kufikia Machi, Mwalimu Ronah alikuwa akiweka soda ndani ya beseni. Aprili, kituo cha afya cha jirani kilipokatikiwa umeme, chanjo za watoto zilihifadhiwa pale wiki nzima, na hakuna hata moja iliyoharibika. Wakaguzi kutoka Kasese walipokuja mnamo Juni walikunywa soda mbili mbili, wakaisifu shule kwa ubunifu na utulivu. Mmoja aliuliza kwa nini madirisha hayaonyeshi nje. Alielezwa kwamba nje hakuna kitu. Aliandika hivyo.

Afande Nuwa naye aliomba mkono mmoja wa sweta kwa ajili ya uchunguzi zaidi. Ulikatwa kwa mkasi, ukatundikwa kituoni juu ya kaunta, na tangu hapo theluji ilidondoka huko pia.

Mtihani wa taifa ulianza Oktoba. Asubuhi ya karatasi ya kwanza, wenzake Mbambu walipokuwa wakiketi mmoja mmoja nyuma ya vioo vya rangi ya maziwa, yeye alimsaidia mama yake kupanga chumvi, akanawa mikono, akatembea mpaka kituoni, kama alivyofanya kila wiki tangu Februari. Alipangusa benchi kwa kiganja, akaketi. Afande Nuwa, mwenye koti zito na skafu, alifungua daftari, akaipuliza theluji iliyotua kwenye ukurasa.

"Swali ni lile lile?"

"Ni lile lile, afande. Baba yangu Blasio yuko wapi?"

Afande aliliandika lote kwa mwandiko mzuri, chini ya yale ya wiki zilizopita, akapigia mstari jina.

"Jibu bado."

"Basi nitarudi wiki ijayo."

"Karibu sana," alisema Afande Nuwa, akiingiza mikono mifukoni. "Ukitoka funga mlango. Baridi isitoke."