Mgonjwa Wangu kwa Mgonjwa Wako

Kabla hajaumia, kaka wa mfuaji mmoja alikuwa mwashi, tena mwashi wa kusifiwa. Siku moja akaanguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi, akalazwa hospitali muda mrefu, na aliporudi nyumbani ulirudi mwili tu. Hakuweza kujilisha, hakuweza kwenda msalani peke yake, na akikuta mlango wazi alitoka akapotea. Mkewe alivumilia mwanzoni, kisha akarudi kwao. Ndipo dada yake huyo, aliyekuwa akifua mashuka ya hospitali, akaacha kazi ili amtunze. "Damu nzito kuliko maji," alikuwa akisema, ingawa kuna siku aliyasema hayo akiwa amekunja uso.

Waliishi kwa chakula cha msaada. Kila mwezi mfuaji alikwenda kwenye ghala la halmashauri akachukua unga, maharage na mafuta. Mwaka haujaisha ikaja amri kutoka serikali kuu: mtu mzima mwenye nguvu zake asipofanya kazi, jina lake lifutwe. Kazi iwe ya kuajiriwa, au ya kujitolea kuwahudumia watu wengine.

Aliyetwishwa mzigo wa kuipeleka habari hiyo nyumba kwa nyumba alikuwa ofisa ustawi wa halmashauri. Mtaani walimwita Bwana Pole, kwa sababu hata ukimwambia umepata mjukuu angeanza na pole. Alimkuta mfuaji dirishani, anamnyoa kaka yake ndevu.

"Pole na kazi," alisema.

"Asante. Umeiita kazi mwenyewe," mfuaji alijibu bila kuinua macho. "Kawaambie na wakubwa zako."

Bwana Pole alivuta kigoda akaketi. Alieleza kwamba kumtunza ndugu yako hakuhesabiwi. Halmashauri, kwa kuwahurumia watu, ilikuwa imetafuta nafasi za kufagia stendi.

"Na huyu nimwache na nani?"

"Hakuna jirani?"

"Jirani naye ana mgonjwa wake."

Hiyo ilikuwa kweli. Katika chumba cha pili, kwenye ukumbi wa nyumba hiyohiyo, aliishi mshonaji, mjane aliyekuwa akimuuguza mama mkwe wake. Bibi huyo alikuwa amepooza miguu, lakini ulimi wake ulikuwa mzima kupita kiasi.

Mfuaji alijaribu. Alimlisha kaka yake, akamfungia mlango kwa kufuli, akaenda stendi kushika fagio. Siku ya pili mshonaji alimtuma mtu amwite upesi. Alipofungua mlango alimkuta kaka yake ameketi sakafuni, vidole vimechunika, na ubao wa mlango umechafuka damu kwa ndani. Alikuwa ameugonga tangu asubuhi. Hakulia wala hakulalamika; alimtazama dada yake kama mtu aliyeona ajabu.

Mfuaji hakurudi stendi. "Heri njaa," alimwambia Bwana Pole. "Njaa naijua."

Mwezi uliofuata, mtunza ghala alitikisa kichwa na mfuaji akarudi na kikapu kitupu. Mshonaji alimmegea unga wake, ingawa naye, kwa kuwa hakuajiriwa na mtu, alijua zamu yake ya kufutwa haiko mbali. Bwana Pole alifika jioni hiyo, akasimama mbele ya ule mlango wenye damu akiutazama. Mara hiyo hakusema pole.

Katika kikao cha madiwani watu walibishana juu ya amri ile mpaka mwenyekiti akagonga meza. "Sheria si yetu," alisema. "Sisi tumeletewa. Kuibadilisha hatuwezi."

"Siombi tuibadilishe, mheshimiwa," alisema Bwana Pole. "Naomba tuifuate. Inasema ukimtunza ndugu yako, hiyo si kazi. Ukimtunza wa mwenzio, ni kazi. Basi wabadilishane wagonjwa."

Kuna waliocheka. Walipoona mwenyewe hacheki, wakanyamaza.

"Huo si ujanja?" mwenyekiti aliuliza.

"Ni ujanja. Lakini hakuna atakayelala njaa kwa ajili yake."

Walipitisha, tena wakaongeza kwamba muuguzi wa zahanati awe anapita kuwakagua wagonjwa.

Asubuhi ya kwanza mfuaji na mshonaji walipishana ukumbini bila kujua waagane au wasalimiane. Bibi alimpokea mfuaji kwa kumkagua toka juu hadi chini.

"Kwa hiyo wewe ndiye mkwe wangu wa leo?"

"Ndiyo, mama."

"Yule wa kila siku akinigeuza hunifinya. Na wewe je?"

"Itategemea na maneno yako, mama."

Bibi alicheka mpaka akakohoa. Lakini mfuaji, mikono ikiwa kazini, sikio lilikuwa ng'ambo. Alingoja kusikia kaka yake akigonga au kupiga kelele. Kimya. Mwisho akashindwa, akaenda kuchungulia. Mshonaji alikuwa amehamishia cherehani kule, naye kaka ameshika ncha ya kitambaa, anaiachia taratibu kadiri kinavyovutwa. Muda wote huo mfuaji alikuwa amemlisha, amemwogesha, amemnyoa. Hakuwahi kumpa kitu ashike. Wivu ulimchoma, halafu akauonea haya.

Habari zikafika juu, akatumwa mkaguzi, kijana mpole aliyevaa suti ya joto siku ya jua. Alizunguka vyumba vyote viwili, kisha akauliza, "Kwa nini kila mmoja asikae na mgonjwa wake?"

"Ndivyo walivyokuwa," Bwana Pole alijibu. "Mkasema si kazi."

Mkaguzi alimgeukia mfuaji. "Huyu bibi ni nani wako?"

"Si ndugu yangu."

"Usinikane mchana kweupe, mwanangu," bibi alisema kitandani.

Mfuaji aliona chakula cha mwezi kinamponyoka. "Amekuita mwanangu," mkaguzi alisema.

"Anamwita kila mtu hivyo, bosi," mfuaji alijibu. "Subiri kidogo."

"Na wewe mwanangu," bibi alimwambia mkaguzi, "umesimama tu kama nguzo. Nisogezee maji."

Kijana aliweka begi chini, akamnywesha maji, akamfuta kidevu kwa leso yake mwenyewe. Alipotoka alisema kwamba hakuona kosa.

Jina la mfuaji lilirudishwa, la mshonaji halikufutwa, na familia nyingine za mji zikaanza kubadilishana wagonjwa. Haikuwafaa wote. Mpagazi mmoja wa sokoni, aliyevunjika mgongo kwa mizigo, hakuwa na mgonjwa wa kubadilishana isipokuwa yeye mwenyewe, na daktari aliandika kwamba ana nguvu za kutosha. Bwana Pole bado anapanda ngazi za ofisi za wakubwa kwa ajili yake. Kwa sasa mfuaji na mshonaji wanampimia unga, mwezi huu mmoja, mwezi ujao mwingine, naye huupokea akitazama pembeni.