Redio Mbili za Ndoo

Juu ya kabati la vyombo, nyumbani kwa Ndoo, kulikuwa na redio kuukuu ya kunasa mawasiliano ya zimamoto. Kusikia inasikia, kusema haisemi. Ndoo alikuwa mzimamoto, na jina hilo alibandikwa na wenzake siku alipojimwagia maji mwenyewe mbele ya mkuu wa kituo. Mkewe alipika huku sikio liko kabatini. Moto ukizimwa, Ndoo hubonyeza kitufe na kusema, "Nimetoka." Hapo ndipo mkewe anapobandika maji ya kuoga.

"Unaripoti kwa afande wa nyumbani!" wenzake walimtania.

Basi wakubwa wakaleta redio mpya za dijitali, mawasiliano yakafungwa kwa msimbo wa siri, asiye na ufunguo aambulie patupu. Sababu walikuwa nayo, tusiwaonee: wezi walikuwa wakisikiliza, wanafika kwenye moto kabla ya gari la maji na kubeba viti vya watu. Lakini mke wa Ndoo ni mwizi wa nini, jamani? Kabatini pakabaki mkwaruzo mtupu. Siku ya kwanza aliunguza chakula. Ya pili hakupika kabisa.

"Baba watoto, mimi hivi siwezi," alimwambia. "Nitakufa kwa presha kabla moto haujakuua wewe."

"Mdomo wako huo!" Ndoo akacheka. Lakini redio zao za zamani za mkononi zilipokusanywa kituoni, alificha moja. Akawa anaivaa kiunoni, pale pale ilipozoea kukaa, na ile mpya kifuani. Kazi ikiisha anajitenga kidogo, anashusha mkono: "Nimetoka." Mji wenyewe mdogo, sauti inafika. Jikoni mtu anapumua.

Mchana mmoja likawaka ghala la magodoro, ng'ambo ya reli. Mkewe alikuwa akimenya viazi redio ilipokoroma.

"Ndoo hapa. Dari imeanguka. Niko chumba cha nyuma, kwenye mlango wa chuma. Njooni."

Kisu kikamtoka mkononi. Akangoja. Zamani mmoja akiita hivyo, sauti za wenzake zinagongana kumjibu. Sasa kimya.

"Jamani, mbona hamjibu?"

Ndipo alipoelewa. Moshi, giza, glavu nene. Mkono umeshuka kiunoni wenyewe, kama ulivyoshuka miaka yote. Mazoea yana taabu. Wenzake wako kwenye redio nyingine, anayemsikia ni yeye peke yake, na hana kitufe cha kumwambia, baba watoto, ya kifuani, shika ya kifuani! Akaipigia redio kelele hivyo hivyo. Kisha akakimbilia simu.

"Zimamoto," akaitika binti wa zamu.

"Ndoo kakwama chumba cha nyuma, kwenye mlango wa chuma! Anaita!"

"Mama, tulia. Niko nao hewani hapa. Hakuna aliyeita."

"Anaita kwenye ile ya zamani!"

"Za zamani tulishazikusanya zote, mama. Labda umesikia vibaya."

"Mwanangu, nakuomba. Waambie mlango wa chuma, basi. Nikiwa mwongo, njooni mnifunge."

Binti akasema atawaambia. Na kweli aliwaambia. Lakini kwanza alimuuliza mkubwa wake, na mkubwa akataka kujua habari hizo zimetoka redio gani.

Kabatini kikasikika kikohozi. "Niko huku, jamani," Ndoo alisema, polepole, kama mtu anayesinzia. Halafu mkwaruzo.

Jioni mkuu wa kituo alikuja, kofia mkononi. Alipomaliza kusema alichokuja kusema, aliweka mezani redio mpya waliyoivua kifuani mwa Ndoo. Haikuwa na hata mchubuko. Taa yake ya kijani ilikuwa inawaka.

"Ilikuwa nzima, shemeji," alisema, machozi yakimlengalenga. "Angebonyeza mara moja tu, tungemsikia."

"Mimi nilimsikia," alisema mke wa Ndoo. "Kila neno."

Mkuu wa kituo akainua macho kabatini, ile kuukuu ilipokuwa bado inakwaruza. Alinyoosha mkono aizime.

"Iache," mama akamwambia. "Hajasema ametoka."