Gego la Miaka Sita

Shemeji yangu ni mtu wa ratiba. Nyinyi msimchukulie vibaya kwa hilo, mimi peke yangu ninamchukulia vibaya na ninatosha. Ni msimamizi wa ghala la vifaa vya ujenzi, na siku alipogundua kwamba wabeba saruji wanachapa kazi wakitundikiwa jedwali ukutani, akalileta nyumbani kwake. Wabeba saruji wako arobaini. Nyumbani ana mtoto mmoja, binti wa miaka minane, tunamwita Chiriku kwa jinsi asivyojua kufunga mdomo.

Nililikuta jedwali limebandikwa sebuleni juu ya televisheni, mgeni asipate pengine pa kutazama. Kunawa mikono. Kutandika kitanda. Kula tunda. Kunywa maji. Kupiga mswaki asubuhi, kupiga mswaki usiku. Safu kumi na mbili, na kila kisanduku kina nyota yake ya kubandika. Shemeji alinisomea yote kuanzia juu hadi chini, chai yangu inapoa, na yeye anakoroga kijiko cha tano cha sukari kwenye kikombe chake.

"Safu yako wewe iko wapi, shemeji?" nikamuuliza.

"Mimi nimeshakua. Samaki mkunje angali mbichi."

"Kweli, maana wewe ulishakauka."

Mdogo wangu, yaani mke wake, alianza kucheka akaacha, kwa sababu mumewe hakucheka. Yule bwana anapenda utani wa mashemeji, ila uende upande mmoja tu. Lakini Chiriku alicheka mpaka akaegemeza kichwa nyuma, na hapo ndipo nikaona.

Mimi ni msaidizi wa daktari wa meno. Miaka kumi na tisa nashika bomba la kunyonya mate, nakoroga dawa ya kuziba, natuliza vichwa vya watoto wanaopiga kelele kabla hawajaguswa. Mtu akipiga mwayo mbele yangu nimeshamkagua. Nikamwita mtoto, nikawasha tochi ya simu, nikamwambia afungue. Gego la chini, kushoto, la nyuma kabisa, lilikuwa na kitundu cheusi ambacho ncha ya kalamu ingeingia.

"Hili limeoza," nikasema. "Apelekwe likazibwe."

"Hayo ni meno ya utoto," akasema shemeji, wala hakuinuka kwenye kiti. "Litang'oka, litaota jingine."

Nikamweleza taratibu, kama ninavyowaeleza wote, kwa sababu si yeye peke yake asiyejua. Gego hili huota mtoto akifika miaka sita, nyuma ya meno ya utoto, bila lolote kung'oka kuliachia nafasi. Ndiyo maana wazazi hudhani ni la utoto. Ni la ukubwani, halina jingine chini yake, likienda limekwenda.

"Anapiga mswaki mara mbili kwa siku," akanijibu. "Tazama nyota."

Mimi nimeshika kidevu cha mtoto, mdomo uko wazi, tundu linaonekana, na baba mtu ananionyesha ukuta. Nikasonya.

Nilibaki mpaka saa ya kulala, kusudi nione huo mswaki unapigwaje. Nitasema haki: unapigwa. Chiriku alisugua nje na ndani, baba amesimama mlangoni mwa bafu na saa mkononi, dakika mbili kamili, kama anapokea lori. Mtoto akasukutua, wakaenda sebuleni wakabandika nyota. Halafu shemeji akatia mkono kwenye mfuko wa shati, akatoa tofi.

Nilidhani macho yangu yana kasoro. Tofi, ile ya maziwa, inayonata. Mtoto akaimenya, akaitia shavuni, akapanda kitandani nayo.

"Ya nini hiyo?" nikauliza.

"Motisha," akasema shemeji. "Ndiyo siri yenyewe. Akitimiza, anapata. Tangu nianze haijapita siku akakosa."

"Kila siku?"

"Kila siku, mama mkubwa," akasema Chiriku na shavu limetuna. "Naiweka huku kushoto halafu siitafuni, nainyonya pole pole. Nikiweza, asubuhi nakuta kimebaki kipande."

Jamani. Watu wengine hawapigi mswaki kabisa, na meno yao yana nafuu kuliko ya mtoto huyu anayesuguliwa kwa saa halafu analazwa na sukari shavuni mpaka kunakucha. Nikamwambia shemeji hivyo hivyo, bila kupunguza. Akatabasamu lile tabasamu lake la kupokea malalamiko ghalani.

"Nyinyi watu wa hospitali kila kitu kwenu ni ugonjwa. Mnatafuta wateja."

Mdogo wangu alikuwa anakunja nguo. Alikunja shati moja mara tatu.

Kesho yake kazini nilimweleza daktari. Daktari wangu si mtu wa maneno mengi. Aliniambia nimlete mtoto wiki hiyo hiyo, hata saa ya chai, hata bila namba ya foleni. Kama uozo haujafika kwenye mshipa ataliziba kwa nusu saa na mtoto atazeeka nalo. Ukifika kwenye mshipa, yeye hana ahadi.

Nikampigia mdogo wangu. Akasema ngoja amuulize mumewe. Mwanamke mzima, ana kazi yake, ana akili zake, anaomba ruhusa jino la mtoto wake lizibwe. Akanipigia jioni kwa sauti ya chini. Shule imemwalika shemeji azungumze kwenye mkutano wa wazazi, mada ni tabia njema za afya nyumbani, bado wiki tatu. Chiriku atasimama mbele na jedwali lake. Na kliniki yetu iko mtaa wa pili kutoka shuleni, walimu wenyewe wanatibiwa pale. Mtoto akionekana kwenye foleni ya meno, watu watasemaje?

"Watasema anaumwa jino," nikamwambia.

"Dada, mwache kwanza. Mkutano ukipita tu, tunamleta."

"Sawa," nikasema. Nikakata simu, nikajisemea moyoni: aliye juu mngoje chini.

Nikamngoja. Kila Jumatano mimi ndiye ninayemchukua Chiriku shuleni, na njia yetu inapita mbele ya kliniki, mlango kabisa. Jumatano ya kwanza nilimuuliza kama linauma, akasema likipata maji baridi tu. Jumatano ya pili akasema linauma hata bila maji, ila amehamishia tofi upande wa kulia. Nikamshika mkono, tukapita. Nilikuwa nawaza uso wa shemeji utakavyokuwa.

Siku ya mkutano niliwahi, nikakaa safu ya tatu, nimevaa vizuri. Shemeji alikuja na suti na kile kijiti cha kuonyeshea ubaoni. Jedwali lilikuwa limeandikwa upya kwa herufi kubwa. Akaanza na mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, wazazi wakapiga makofi, kana kwamba ameitunga yeye. Akasema nyumba bila utaratibu ni ghala bila mlango. Akasema mzazi ni mfano. Huyo ni mtu anayekula chakula cha jioni na simu mkononi, ambaye tunda la mwisho kulila lilikuwa limepambwa juu ya keki. Nikakunja miguu, nikatulia kama maji mtungini.

Mama mmoja akauliza, mtoto akigoma je? Shemeji akainua kidole. Motisha, akasema, akaieleza tofi yote, saa yake na aina yake. Na wale kina mama, nawaapia, wakatoa kalamu wakaandika. Shule nzima ilikuwa inaenda kununua tofi.

"Chiriku, waonyeshe wazazi meno yako," akasema.

Chiriku alikuwa amesimama kando ya jedwali muda wote na hakuwa amesema neno. Hilo peke yake lingetosha kumshtua mtu anayemjua. Akatabasamu upande wa kulia tu. Upande wa kushoto shavu lilikuwa limevimba, na niliposogea mbele nikamgusa, alikuwa wa moto. Wazazi wakaendelea kupiga makofi. Walidhani ninakwenda kumpongeza.

Asubuhi yake alikuwa kwenye kiti chetu. Mdogo wangu alibaki nje kwenye benchi, akisema hawezi kuona. Shemeji aliingia akasimama ukutani na suti ya jana. Daktari aligonga jino mara moja kwa ncha ya kioo, mtoto akaruka. Akapiga picha, akaitazama kwenye mwanga. Usaha ulikuwa chini ya mzizi na umeshakula mfupa.

"Hili ni la kung'oa," akasema.

"Sawa, sawa," akasema shemeji. "Na jingine litaota lini?"

"Halitaota. Hili ndilo lilikuwa la mwisho." Daktari akavua glavu. "Wiki tatu zilizopita lingezibika."

Shemeji akanigeukia. Ule uso niliokuwa naungoja ukaja wote, mdomo wazi, macho hayajui pa kwenda, hana ukuta wa kuonyesha. Nisiwadanganye, ulinishuka vizuri.

"Nilikwambia, shemeji," nikasema. "Nilikwambia siku ile ile. Nikamuuliza daktari, daktari akasema mlete hata saa ya chai. Sema basi sasa kama natafuta wateja."

Alikaa kwenye kile kiti kidogo cha wasindikizaji, akaweka mikono magotini. Ningeweza kuendelea, maneno nilikuwa nayo ya wiki tatu, lakini daktari alikuwa ameshachoma sindano ya ganzi na kazi yangu ni kushika kichwa. Nikaenda nyuma ya kiti, nikaweka viganja kwenye mashavu ya mtoto, kimoja kwenye shavu la kawaida na kimoja kwenye lile la moto.

Chiriku akanitazama kutoka chini, uso wake umegeuzwa juu chini.

"Mama mkubwa," akasema. Ganzi ilikuwa imeanza, maneno yanatoka mazito. "Daktari alisema nije hata saa ya chai?"

"Alisema."

"Kabla ya zile Jumatano?"

"Kabla."

"Na sisi tulikuwa tunapita hapa mlangoni."

Shemeji akainua kichwa. Daktari alikuwa anapanga koleo kwenye trei, akaacha kupanga. Nilitafuta neno la kusema, mimi ambaye sijawahi kukosa, na nililolipata lilikuwa la kweli tu.

"Nilikuwa namngoja baba yako."

Alifikiri kidogo. Hakuwa na hasira, alikuwa anataka kuelewa, kama anavyouliza mambo yote.

"Lakini jino lilikuwa langu," akasema.

Daktari akaniambia nishike kichwa vizuri. Nikakishika.