Malkia na Hesabu ya Utepe

Haya yote ni kweli tupu. Sijatia chumvi hata punje, na asiyeamini akamuulize Malkia mwenyewe.

Malkia alifundisha hesabu darasa la sita. Jina hilo lilimganda tangu aliposhinda shindano la urembo akiwa na miaka ishirini. Watu walikumbuka taji. Yeye alikumbuka mafuta ya mgando. Nyuma ya jukwaa wasichana walipakwa mafuta hayo kwenye meno ili midomo iteleze na tabasamu lisikauke. Tabasamu lake lilikataa kutoka siku tatu. Alikwenda nalo msibani. Nzi akaingia, akazunguka, akatoka zake. Pale jukwaani jaji mmoja, tumbo limemtangulia kama mpambe, alikuwa amemuuliza, "Elimu ni nini?" Hakujua. Akatabasamu. Akapewa kumi.

"Kumi kwa meno," alikuwa akiwaambia walimu wenzake, kama anayetema mbegu. "Punda ana makubwa kuliko yangu."

Ndiyo maana darasani kwake hapakuwa na kuchekea jibu. Asiyejua alisema "sijui", kisha akaulizwa ni nini hasa asichokijua. Mtoto akionyesha meno tu, Malkia alimwambia, "Usinichekee, sina taji la kukupa." Wazazi walinung'unika kwamba watoto wanarudi nyumbani na sura za mahakimu.

Mwalimu mkuu, aliyechana nywele mara nne kabla ya mapumziko, aliona ni mali inayopotea bure.

"Uzuri wote huo unaufutia ubao," alimwambia. "Kesho mkaguzi anakuja. Akisema darasa halifai, nakuhamishia mapokezi. Wewe tabasamu tu, mama, mengine niachie."

"Na hesabu atafundisha nani?"

"Hesabu? Yeyote."

Malkia alimtazama kama anavyotazamwa mende aliyeomba kiti. Darasa lile alilitaka kuliko alivyowahi kulitaka taji. Lakini kutabasamu, hapana.

Mkaguzi alikuja na faili kwapani, akaketi dawati la nyuma, magoti yakamfika masikioni. Malkia akaandika ubaoni: utepe una mita sita, kila kipande kiwe robo tatu ya mita, vitatoka vipande vingapi? Akaeleza, akauliza, "Mmeelewa?" Wengi wakasema ndiyo, wawili wakasema hapana. Mkaguzi akaitikia kwa kichwa huku anatabasamu. Malkia aliijua sura ile. Aliivaa mwaka mzima wa taji lake.

"Mzee, usinichekee. Njoo ubaoni."

Mwalimu mkuu, aliyekuwa dirishani, akajishika kichwa na kuuharibu mstari wa nywele.

Mkaguzi akainuka kama simba. Chaki haijagusa ubao, nane imeshajiandika. Akafafanua hata bawaba za mlango zikapiga makofi. Kisha akatangaza kwamba mwalimu wa namna hii hahamishwi hata kwa tingatinga, akatia sahihi, na Malkia akabaki na darasa lake.

Hapo ndipo nilipofika nikimsomea Malkia hadithi hii, chumba cha walimu, juzi. Malkia hakucheka. Alinyoosha mkono, akaichukua karatasi.

"Sahihi ulitia," alisema. "Lakini uliandika nne na nusu."

Basi ndiyo, mkaguzi ni mimi, nimeshastaafu.

"Chaki ilikuwa imelowa," nikasema.

"Hivyo hivyo ulisema siku ile. Ukatia sahihi mbiombio ili utoke kabla hujaulizwa tena. Mzee wangu, mpaka leo hujui kwa nini ni nane, au siyo?"

Nikatabasamu.

"Lione tabasamu hilo," alisema. "Na mafuta hujapakwa."

Akanivuta kwa mkono wa shati mpaka darasa la sita, akanisimamisha ubaoni. Watoto arobaini na wanane, hakuna jino lililoonekana.

"Sijui," nikasema.

"Nini hasa hujui, babu?" akauliza msichana wa dawati la mbele.

Nikajikuna shingo. "Mnagawa sita, mnapata nane. Kugawa gani huko kunakoongeza?"

"Hilo sasa ni swali," Malkia alisema, akanipa utepe, rula na mkasi. "Kata. Sisi tunahesabu."

Nikakata mbele yao wote, kimoja kimoja, hadi cha nane.