Plasta ya Kifuani

Saa sita mchana, nimetoka zamu ya wagonjwa mahututi, nimejilaza hosteli na simu kifuani, na video ya mdogo wangu Subilaga, anayenilelea mtoto, inajirudia yenyewe: mwanangu Lugano anatembea hatua tatu, zake za kwanza, kumwendea Subilaga anayerekodi, anasema mama, na Subilaga anacheka. Wiki ya saba hii sijamgusa mwanangu, nisije nikampelekea ugonjwa. Kope zinashuka, video haisimami, naingia ndani yake kwa mlango, nao ni mlango ule ule wa chumba cha kuvalia. Hapo tunavaa magauni ya kinga, na kwa kuwa hakuna anayeonekana uso, kila mtu anaandika jina lake kwenye plasta, anabandika kifuani. Naandika Atuganile. Nikitazama, plasta inasema Subilaga. Nabandua, naandika tena. Subilaga. Nje kuna barabara yenye sakafu ya wodi, vitanda kulia na kushoto hadi macho yanapokoma, na kila mashine inalia kwa sauti ya mtoto. Mtu asiye na uso ananingoja, plasta yake tupu. Namuuliza, mwanangu yuko wapi? Yuko kwa anayemwita. Nani anamwita? Anayeitwa. Kaka, nimechoka, nijibu kama watu. Mabega yake yanacheka, anatangulia.

Tunafika mji wa vioo, kila dirisha ni jiko la kwetu, na kila jiko Subilaga yumo, kambeba Lugano mgongoni kwa kanga yangu, ile niliyotoka nayo wodi ya wazazi. Wivu unanipanda kooni kama kiungulia. Nasema, laiti huyu asingekuwepo. Nasema polepole, lakini madirisha yanasikia, yanazimika moja moja, na barabara inageuka, inanileta kwenye kitanda cha mwisho. Subilaga amelala hapo, mrija mdomoni, namba ya oksijeni inashuka. Asiye na uso anasema, si umeomba? Iache mashine ilie, mtoto awe wako peke yako. Themanini. Sabini na nane. Nakiri, nasimama kidogo. Kisha mikono inakumbuka kabla yangu: huyu alazwe kifudifudi apate hewa, na mtu mmoja hawezi. Shika miguu, namwambia. Sijatumwa, anasema. Basi waite wenzako na wewe ushike. Wanakuja wawili, hawana nyuso, wanashika mabega, yeye miguu, mimi kichwa, moja, mbili, tatu, tunamgeuza. Namba inapanda. Mgongoni kwake, ndani ya kanga, Lugano ananitazama, anafumbua mdomo.

Simu inalia kifuani. Dada, umelala? Ni Subilaga. Namwambia, Lugano amekuita mama. Mimi? Dada nawe, anaiita simu. Kila siku namwonyesha uso wako humu, namwambia mama huyu, sasa hata jirani akitoa simu yake, mtoto anaikimbilia. Nacheka mpaka machozi yananitoka, ya kwanza ndani ya wiki saba. Na kanga yangu je? Ina harufu yako, Dada, bila hiyo mtoto halali. Wivu haujaondoka, ila umekaa chini. Simuni Lugano anasema mama, na nyuma yake, au nyuma yangu, mashine inalia kwa sauti ya mtoto. Napapasa kifua nijue niko wapi. Plasta ipo. Siisomi. Naitika, abee.