Swali la Zénon

Zénon alikuwa kinyozi, na kwa kinyozi mwenye maneno mengi hakuna mahali pazuri kama soko la Warwick Junction, Durban. Hema lake lilikuwa kando ya stendi ya taxi. Mteja akishakaa, kitambaa kikishafungwa shingoni na wembe ukishagusa utosi, atakwenda wapi? Walimsikiliza wote, na kwa miaka mingi Zénon aliamini kwamba wanapenda.

Mdomo huo ndio uliompa cheo. Warundi wa Durban wakitaka kuoza binti, walimwita yeye awe msemaji wa upande wa bibi harusi, maana kwao posa haipokelewi hivi hivi. Msemaji wa upande wa bwana huomba kwa mafumbo, wa upande wa bibi hujibu kwa mafumbo makubwa zaidi, watu wanatajiana ng'ombe ambao hakuna aliyewaona tangu avuke mpaka, na binti mwenyewe anakaa nyuma ya pazia mpaka aitwe. Ila siku hizi vijana walikuwa wameanza kunong'ona kwamba Zénon akishika maikrofoni, Fanta za baridi zinageuka chai. Mdogo wake Ladislaus, aliyekuwa anamwoza binti yake mkubwa Goreth mwaka ule wa 2012, alimwambia bila kuuma maneno kwamba safari hii akiboronga, ukoo utajitafutia msemaji mwingine.

Hilo lilimuuma Zénon. Akaanza kusaka hotuba ya kuwafunga watu midomo, na aliipata pale pale kwa Ladislaus, kwenye fleti yao ya Greyville, katika kazi ya shule ya Kaneza.

Kaneza, mdogo wake Goreth, alikuwa darasa la kumi na moja. Walikuwa wanasoma riwaya moja ya Kimarekani, ya zile za zamani zenye sifa, ambazo kila mwaka wanafunzi wa jiji zima hutembea nazo mkobani. Ndani yake jaji wa mji wa pamba anawahutubia wananchi ili wakubali kuitoa chemchemi yao kwa kampuni ya reli. Mwalimu alitaka wauchambue ufundi wake: wapi anarudiarudia, wapi anapiga chuku, wapi anauliza swali lisilotaka jibu, na kila ufundi unamfanyia nini msikilizaji. Kurasa za Kaneza zilikuwa zimepakwa kijani, pinki na njano mpaka zinaumiza macho.

Zénon alimwomba amtafsirie kidogo, kwa kupitisha muda tu. Jaji alikuwa anasema: nani kati yetu hajanywa maji ya chemchemi hii? Nani kati yetu hakuogeshwa na mama yake kwa maji haya? Na leo, nani kati yetu atakuwa mchoyo, akatae maji haya yasifike mbali? Zénon aliacha chai ikapoa. Akaomba arudiwe, kisha akaomba tena.

"Lakini baba mkubwa, huyu jaji iko mwongo," Kaneza alisema. "Kampuni imeshamununua. Mwenye kuandika anamucheka. Kila mahali anaweka pambo, chini yake iko kitu anaficha."

Zénon alimjibu kwamba mtu anayesema vizuri namna ile hawezi kuwa na kosa kubwa. Watoto wa siku hizi, akaongeza, wanafundishwa kuchana nguo nzuri ili wahesabu nyuzi.

Goreth alikuwa pembeni, anapiga pasi sare yake ya chuo cha uuguzi. Alisubiri mdogo wake amalize, ndipo akaleta lake. Mchumba wake Deusdedit alimpenda, na yeye alimpenda Deusdedit. Hapo hapakuwa na neno. Neno lilikuwa kwamba wazee wa Deusdedit wameshatangaza kuwa akishaolewa ataacha uuguzi, aende kukaa kaunta kwenye duka la simu la mumewe. Alitaka msemaji wa ukoo aseme mbele ya watu kwamba atamaliza masomo kwanza.

"Neno moja tu, baba mkubwa," alisema. "Likisemwa pale, hakuna wa kuligeuza."

Zénon aliligeuza neno hilo mdomoni, akaona halina ladha. Halikuwa na mdundo, wala ng'ombe hakuingia popote. Alimwahidi kwamba atalipitisha ndani ya fumbo. Goreth alimjua baba yake mkubwa, akajua kwamba halitasemwa, akarudi kwenye pasi yake.

Juma zima Zénon alifanya mazoezi juu ya vichwa vya watu. Chemchemi aliibadilisha kidogo tu, ikawa chemchemi ya nyumba ya Ladislaus, yaani Goreth. Dereva mmoja wa taxi, Mzulu asiyejua Kiswahili hata cha kuombea maji, alidhani anaombewa, na mwishoni akaitikia amen. Zénon aliichukua hiyo kuwa dalili njema.

Jumamosi ukumbi wa kanisa ulijaa. Kreti za vinywaji walizoleta upande wa bwana zilipangwa mbele, wazee kulia na kushoto, pazia la maua nyuma, na Goreth nyuma ya pazia. Kaneza alikaa karibu na baba yake mkubwa kumshikia chupa ya maji. Hotuba zilikuwa za Kiswahili, ili na majirani Wakongo wasipitwe. Upande wa Deusdedit ulimleta Pierre-Claver, mtu wa maghala ya Mobeni, ambaye kwa majivuno hakupungukiwa na Zénon hata kidogo. Kwa desturi, anayeomba ndiye anayeanza. Pierre-Claver alisimama, akakohoa, akaitazama dari.

"Nani kati yetu," alisema, "hajanywa maji ya chemchemi hii?"

Zénon alijiambia kwamba ni bahati mbaya, maji ni ya wote. Lakini ikaja "nani kati yetu" ya pili, ya mama na kuogeshwa, na ya tatu, ya mchoyo. Kaneza aligeuka nyuma kumtazama Jules, mtoto wa Pierre-Claver, aliyesoma shule nyingine, darasa lile lile, kitabu kile kile. Jules alikuwa anatazama viatu vyake. Naye alikuwa na baba mwenye kuomba kutafsiriwa kidogo.

Ukumbi ulipiga makofi. Na ukweli usemwe, hotuba ile ilimkaa Pierre-Claver vizuri zaidi, kwa kuwa jaji naye alikuja kuchukua, si kutoa. Zénon aliliona hema lake bila cheo, naye kinyozi tu. Akamwinamia Kaneza akamuuliza kitabuni kinafuata nini, maana zaidi ya ile hotuba yeye hakuwa ametaka kusikia kitu.

"Mama mujane mumoja anasimama," Kaneza alinong'ona. "Anauliza, mwenye chemchemi mulimuuliza?"

"Halafu?"

"Bote banyamaza."

Kunyamaza ndiko hasa Zénon alikokuwa anakutafuta. Alisimama, akachukua maikrofoni, akatandaza mikono.

"Mmeiomba chemchemi, mmeisifu," alisema. "Mimi nina moja tu. Chemchemi yenyewe imeulizwa?"

Ukumbi ulinyamaza kimya kizuri ajabu. Zénon alifumba macho akionje vizuri. Alipofumbua, pazia lilikuwa limesogezwa.

"Haijaulizwa," Goreth alisema. "Na kwa sababu msemaji wetu ameuliza, nitajibu. Deusdedit ninamutaka. Shule siachi. Kama nitasoma mpaka nimalize, nakuja. Kama ni kaunta, muchukue kreti zenu."

Ladislaus aliinuka nusu, mkewe akamvuta koti, akakaa. Wazee walitazamana. Wangemkataza vipi binti kujibu, na msemaji wa ukoo ndiye aliyeuliza? Zénon alibaki amesimama mikono ikiwa bado imetandazwa, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumfundisha mtu afanye nini swali kama lile likijibiwa.

Pierre-Claver aliomba ruhusa watoke wakashauriane, kama desturi inavyoruhusu. Kupitia dirishani watu walimwona Deusdedit katikati ya baba zake wadogo, penye magari, akisema kwa mikono yote miwili. Yeye pia hakuwa ameulizwa mpaka saa ile. Waliporudi, Pierre-Claver hakutazama dari.

"Atasoma," alisema, akakaa.

Vigelegele vilipigwa mpaka farasi wa uwanja wa mbio wa Greyville wakasikia. Kina mama walimkumbatia Zénon wakimwambia kwamba tangu wamjue hajawahi kusema kwa ufupi hivyo wala kwa uzuri hivyo. Ilipofika saa ya chakula, alikuwa ameshaanza kusimulia jinsi alivyoupanga mpango wote tangu mwanzo. Kaneza alisikia, akaendelea kugawa sahani.

Juma lililofuata simu ililia hemani. Alikuwa baba mmoja wa Mobeni, mwenye mabinti wawili wa kuoza.

"Mzee Zénon, tunakutaka wewe tu," alisema. "Sema unavyotaka, hata saa nzima. Ila tafazali, usiulize swali."

Zénon, wembe mkononi na mteja chini yake, alifurahi sana kuona jina lake limerudi mahali pake. Akamtoa baba yule wasiwasi. Alimwambia kwamba yeye, tangu aanze kusema mbele za watu, hajawahi kuuliza swali alilotaka lijibiwe.